Wageni 26, wanane hawali nyama: uchambuzi wa kisa cha chakula cha jioni

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam. Majina, mtaa, ofisi na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Kilichobaki ni chakula, hesabu yake, saa na maamuzi, kwa kuwa humo ndimo mlimo mafunzo. Nimekipata kwa mpishi mwenyewe, kisha kwa mwenyeji, na pale walipotofautiana nimeeleza. Nakiandika kwa ajili ya wapishi wanaoitwa kupika majumbani, na kwa mtu yeyote anayealika watu wa dini na desturi mbalimbali akitaka wote washibe.

Usuli

Mwenyeji ni mkuu wa idara katika ofisi moja ya jijini. Baada ya kazi nzito ya kufunga hesabu za mwaka aliamua kuwaalika wenzake nyumbani badala ya kuwapeleka hotelini. Alichagua Ijumaa jioni, mwezi wa tatu, kwa sababu inayoeleweka: kesho yake hakuna kazi. Aliwaalika 27. Mmoja, Msabato, aliomba udhuru mapema kwa kuwa Sabato kwake huanza Ijumaa jua likizama. Wakabaki 26.

Kwenye orodha aliyomkabidhi mpishi aliandika mistari miwili tu: wala nyama 18, wasiokula nyama 8.

Mpishi ni mama anayepikia watu shughuli ndogo, za watu hamsini kushuka. Alikuja na wasaidizi wawili, jiko la gesi la mwenyeji lilikuwa na mafiga manne, na nje ukumbini paliwekwa majiko mawili ya mkaa. Sehemu ya kuoshea vyombo ilikuwa moja. Nataja hilo kwa sababu mchana ule liliathiri mambo mengi.

Mpango wa awali na sababu zake

Mwenyeji alitaka pilau ya ng'ombe iwe ndiyo chakula kikuu, na pembeni pawe na "kitu cha mboga" kwa wale wanane. Mpishi alikataa, na hapa nasimama naye kwa moyo wote. Pilau ya nyama haina nyama juu tu. Ladha yake yote ni supu ya ile nyama iliyoivisha mchele. Huwezi kumpakulia mtu pilau hiyo ukamwondolea vipande ukadhani umempa mchele. Ukiifanya kuwa katikati ya meza, watu wanane kati ya ishirini na sita wamewekwa kando kabla hawajafika mlangoni, na watakula sahani ya kuokoteza huku wakitazama sinia inayosherehekewa na wengine.

Akapendekeza kupanga kinyume. Kila kinachobeba mlo kisiwe na nyama, nyama ije kando kama nyongeza. Alipanga hivi:

Wali wa nazi wa kilo moja na nusu, mchele, tui na chumvi tu. Pilau ya kilo mbili bila nyama, ambayo wingi wa ladha yake alitegemea kuutoa kwenye vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa vya kahawia iliyokolea, kisha jira, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, yote kwa mafuta ya alizeti badala ya samli. Maharage ya nazi, sufuria kubwa. Mchuzi mzito wa biringanya na viazi. Mchicha wa nazi. Bhajia za viazi za unga wa dengu. Chatine mbili, ya nazi na ya ukwaju, na kachumbari. Upande wa nyama: kuku wa kupaka na mishkaki ya ng'ombe.

Swali la pili aliloliuliza mpishi lilikuwa bora kuliko yote. Hakuridhika na neno "hawali nyama". Alimwomba mwenyeji awapigie simu wale wanane na kuwauliza vitu vinne: Unakula mayai? Maziwa na samli je? Kuna mmea usiokula? Na je, ukijua kwamba sufuria au karai limewahi kupikiwa nyama, utakula?

Majibu yalibadilisha menyu. Watano walikuwa Wahindu: hawali nyama, samaki wala mayai, lakini maziwa na samli hawana shida navyo. Kati ya hao watano, mume na mke mmoja hawali vitunguu maji wala vitunguu saumu kwa sababu ya madhehebu yao. Mgeni mmoja kutoka Ulaya hali chochote kinachotokana na mnyama, asali ikiwemo. Wawili waliobaki ni vijana walioacha nyama kwa hiari yao. Mayai na maziwa wanatumia, na mmoja wao alisema samaki anakula. Kuhusu vyombo, wale watano wote walisema wangependa mafuta ya kukaangia yasiwe yamepitiwa na nyama.

Kwa ajili ya wale wawili wasiokula kitunguu mpishi aliongeza sufuria ya choroko, nusu kilo kavu, isiyo na kitunguu cha aina yoyote. Palipopungua kitunguu aliweka mvuje. Wengi tunaujua mvuje kama dawa ya watoto wachanga na harufu yake kali inayokimbiza watu, lakini ukiweka kidokezo kidogo kwenye mafuta ya moto pamoja na jira na tangawizi, ule ukali hugeuka kuwa ladha inayokaribia sana kitunguu kilichokaangwa. Wapishi wa Kigujarati wamekuwa wakiutumia hivyo siku zote. Tahadhari moja: mvuje wa unga wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo mtu asiyeweza kula ngano aambiwe.

Kitindamlo kilisumbua kidogo. Mwenyeji alikuwa amenunua pakiti za jeli. Jeli ya kawaida huganda kwa jelatini, inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo ingewagusa wasiokula nyama na Waislamu pamoja. Zikarudishwa kabatini, zikawekwa tambi za nazi zilizotiwa sukari na iliki, na matunda. Nyama ilinunuliwa kwa mchinjaji anayeaminiwa na wageni Waislamu, jambo ambalo mwenyeji alilishughulikia vizuri tangu mwanzo na halikuleta neno.

Saa nane mchana: Ijumaa ya Kwaresima

Kufikia saa nane, maharage yalikuwa yameiva, nazi zimekunwa, na nyama ya mishkaki imegawanywa mabakuli mawili. Bakuli la kwanza lilikuwa tayari limetiwa papai bichi la kulainishia. Mpishi alimwita msaidizi wake mdogo aje aonje chumvi kwenye rojo la kuku.

"Mama, leo sionji," akasema binti. "Ni Ijumaa ya Kwaresima."

Mpishi ni Mwislamu, na mwenyeji ni Mlutheri. Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Waliketi na orodha wakaanza kuhesabu Wakatoliki kati ya wale kumi na wanane, wakafika saba. Mwenyeji aliwapigia wawili aliowazoea. Wote wawili wakathibitisha kwamba nyama hawatagusa, na kwamba hawakusema mapema kwa sababu hakuna aliyewauliza na walidhani patakuwa na samaki.

Hesabu ikawa imepinduka. Watu kumi na watano, si wanane, hawatakula nyama usiku ule. Wala nyama walikuwa kumi na mmoja.

Palizuka mvutano mfupi. Mwenyeji alitaka mtu atumwe Feri akanunue samaki, na hoja yake ilikuwa na uzito: kwa Mkatoliki siku ya Ijumaa samaki anaruhusiwa, na wageni wenyewe walimtarajia. Mpishi akampinga kwa hoja tatu. Saa nane mchana foleni ya kwenda na kurudi katikati ya jiji ingekula saa mbili. Samaki wa kupaka anahitaji jiko la mkaa ambalo tayari lina kazi. La tatu ndilo lililoamua: samaki angewafaa wale saba, yule kijana mmoja na wala nyama, lakini kila shilingi ikiwekwa kwenye chakula cha mimea inamfaa kila aliyeko. Akashauri kuongeza mchicha mara mbili na kupika sufuria ya ndizi mbichi za nazi, nayo bila kitunguu. Bakuli la pili la nyama, lisilo na papai, likaingizwa kwenye friji. Lile la kwanza halikuwa na budi kuchomwa usiku uleule, kwa sababu nyama iliyokaa na papai bichi usiku kucha huwa kama uji.

Mwenyeji mpaka leo anaamini samaki angepaswa kununuliwa, hata kilo mbili tu. Mgeni mmoja mzee, Mkatoliki, alikula vizuri lakini aliulizia samaki mara mbili.

Saa kumi: sufuria ya maharage

Msaidizi wa pili, kijana mwenye bidii, aliona maharage yamepoa ladha baada ya kuongezwa tui. Akafungua pakiti ya kiungo cha mchuzi aliyoikuta kwenye kabati la mwenyeji, akatia vijiko viwili, akakoroga. Mpishi alipopita akasikia harufu. Akaichukua pakiti akaisoma. Kwenye orodha ya viambato palikuwa na mafuta ya ng'ombe.

Kijana alijitetea kwamba ni vijiko viwili ndani ya sufuria nzima, na hamna nyama humo. Mtu mwingine wa familia, aliyekuwa akikatakata kachumbari, akasema lile ambalo nimelisikia jikoni mara nyingi mno: hawatajua.

Mpishi alikwenda sebuleni akamwambia mwenyeji mambo yote kama yalivyo. Wakakubaliana dakika ileile. Maharage hayatamwagwa, lakini yatahamia upande wa nyama yakiwa na kikaratasi kinachosema wazi kilichomo. Mwiko uliokuwa ndani yake ukatolewa ukaoshwa na kuwekwa nje. Mahali pake ikapikwa sufuria ya adesi nyekundu. Uchaguzi wa adesi ulikuwa wa mtu anayejua saa: haihitaji kulowekwa, na ikishachemka huiva ndani ya dakika ishirini, wakati maharage makavu yaliyolowekwa yangetaka saa nzima na zaidi. Ilitiwa nyanya, tangawizi, binzari manjano na tui zito mwishoni.

Kabla ya saa kumi na moja mafuta mapya yalitiwa kwenye karai safi, bhajia zikakaangwa zote na kufungiwa kwenye hotipoti. Hakuna kitu cha nyama kilichokaangwa jikoni siku ile. Mishkaki ilichomwa nje kwenye jiko lake, biringanya za mchuzi zilichomwa kwenye jiko la pili.

Saa mbili usiku: meza

Meza ilikuwa ndefu, moja, iliyopangwa vizuri kwa macho. Wali na pilau mwanzoni, vyakula vya mimea katikati, maharage, kuku na mishkaki mwishoni. Kila bakuli lilikuwa na upawa wake na kikaratasi. Mwenyeji akakaribisha, sala ikasomwa, watu wakaanza.

Walioanza ni vijana wa ofisi waliokuwa wamesimama karibu na meza, karibu wote wala nyama. Kila mmoja alijaza wali, akapita kwenye choroko, adesi, mchicha, ndizi, bhajia tatu tatu, kisha akafika kwenye kuku sahani ikiwa imejaa. Wakatoliki wakafuata. Wazee na wageni wa heshima walikuwa bado sebuleni wakizungumza, pamoja nao wale mume na mke wasiokula kitunguu. Kwa adabu walisubiri msongamano upungue.

Walipofika mezani, choroko ilikuwa imekwisha. Ndizi zimebaki vipande viwili. Mchicha ulikuwepo, lakini ulikuwa na kitunguu. Adesi pia ilikuwepo kidogo, nayo ilikaangiwa kitunguu. Kachumbari, bila shaka, ilikuwa na kitunguu. Upande wa pili sinia la kuku lilikuwa halijafika hata nusu.

Wawili wale walichukua wali wa nazi na ndimu, wakaketi. Hawakulalamika. Aliyewaona ni yule binti wa Kwaresima, aliyekuwa akikusanya vyombo, naye akakimbia jikoni. Mpishi alikuwa na fungu moja la mchicha na kikombe cha tui jepesi. Kwa robo saa alipika mchicha kwa tangawizi na nyanya, bila kitunguu, akakaanga viazi vichache katika unga wa dengu uliobaki, akaupeleka mwenyewe mezani. Walikula, wakashukuru. Wakati huo wenzao walikuwa wanakunywa chai.

Matokeo

Hakuna aliyekula kisichomfaa. Hilo si dogo katika mlo wa namna hii. Mgeni wa Ulaya alikula vyakula vingi kuliko alivyozoea kupata mahali popote, na aliuliza namna ya kupika pilau. Maharage yaliliwa na wala nyama na pia na Wakatoliki wanne kati ya saba, watatu waliyaacha. Kuku alibaki zaidi ya theluthi. Na watu wawili waliofikiriwa zaidi ya wote, waliopikiwa sufuria yao wenyewe, ndio waliokula mwisho na kwa uchache.

Uchambuzi

*Choroko ilikwendaje?*

Hapa ndipo kiini cha kisa, na nitakaa hapo.

Nusu kilo ya choroko kavu, ikipikwa na mchuzi, inatoa pawa kumi na tano hivi. Kwa watu wawili ni nyingi mno. Mpishi alipoipima, aliwaza walengwa wake: wawili, labda na wale wengine watatu wataonja. Lakini bakuli lililowekwa wazi mezani halina walengwa. Mbele yake wanapita watu ishirini na sita, na chakula kizuri kisicho na nyama kinaliwa na kila mtu. Mla nyama ana uhuru wa meza nzima. Asiyekula nyama ana nusu ya meza, na asiyekula kitunguu ana robo yake. Ukipima kila bakuli kwa idadi ya wale liliokusudiwa, basi lenye walengwa wachache ndilo litakuwa dogo kabisa, na ndilo litakalokwisha kwanza, na litakuwa limekwishia kwa watu wenye mahali pengine pa kupata.

Kipimo kinapaswa kwenda kinyume. Vyakula vya mimea vipimwe kwa wageni wote, na nyama ipimwe kwa wala nyama peke yao, tena kwa kukumbuka kwamba wao nao watakuwa wamekula mimea. Siku ile wala nyama kumi na mmoja waliwekewa kuku wa kutosha watu kumi na wanane, wakati choroko ya watu watano ikatazamana na ishirini na sita.

Njia ya pili ya kuepuka ni utaratibu wa kupakua, nayo haina gharama. Mwenye uchaguzi mdogo kabisa apakue kwanza. Sisi tuna desturi ya kuwatanguliza wazee na wageni, kwa hiyo kuwaita wachache mbele hakumvunjii mtu heshima wala hakuhitaji kutangaza dini ya yeyote. Mwenyeji angewashika mkono wale wawili tangu sebuleni. Au bakuli lao lingefunikwa na kubaki jikoni mpaka wafike. Kuliacha mezani bila ulinzi ilikuwa ni kutegemea bahati.

*Swali liliulizwa kwa watu wachache mno*

Maswali manne ya mpishi yalikuwa mazuri, lakini yaliulizwa kwa wanane tu, wale waliokwisha kuitwa "wasiokula nyama". Wale kumi na wanane walichukuliwa kuwa wanajulikana. Mtu anaweza kula nyama siku zote za mwaka na asile Ijumaa fulani. Mwingine anakula nyama yote isipokuwa ya aina moja. Mwingine daktari amemkataza tangu wiki iliyopita. Swali linalofaa linahusu siku ya mwaliko, na linaulizwa kwa kila mgeni: siku hiyo kuna chakula ambacho hutakula?

Tarehe nayo ni sehemu ya menyu. Ijumaa ilimwondoa Msabato kabisa na kuwabadilishia Wakatoliki chakula. Zipo pia miaka ambayo Kwaresima na Ramadhani hukutana, kama ilivyokuwa Machi 2025, na hapo mlo wa jioni unageuka futari na saa yake inapangwa na jua. Mwaka wa kisa hiki hazikukutana. Mwenyeji wa Afrika Mashariki anayepanga mlo mwezi wa pili hadi wa nne na afungue kalenda ya dini zote kabla ya kumpigia mpishi.

*Kuanzia na kisicho na nyama*

Uamuzi huu uliokoa usiku. Saa nane, hesabu ilipopinduka, hapakuwa na haja ya kuvunja kitu: wali, pilau, mboga zote zilikuwa tayari za watu wote. Kama katikati ya meza pangekuwa na pilau ya ng'ombe, Wakatoliki saba wangeungana na wanane wengine kugombania bakuli la pembeni.

Wala si jambo la kigeni. Tazama urojo wa Zanzibar unavyotengenezwa mbele yako. Kwanza rojo la unga lililokolezwa ndimu au embe bichi, kisha viazi, bhajia, kachori, chatine; mishkaki na yai huja mwisho, kwa anayetaka. Asiyetaka anabaki na bakuli kamili. Pwani hii imejaa vyakula vya namna hiyo: mbaazi za nazi na mahamri, muhogo wa nazi, kunde, bamia. Tui linafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na krimu na siagi, ndiyo maana hata yule mgeni asiyegusa maziwa hakupikiwa kitu cha peke yake. Mpishi wa hapa ana mtaji mkubwa kuliko anavyojua, mradi aache mazoea ya kutia dagaa au kamba waliosagwa kwenye kila mboga ya majani.

Kasoro ya mpango ilikuwa kitunguu. Kilitiwa kwenye adesi, mchicha, biringanya na kachumbari bila sababu nzito. Pilau inakihitaji kweli. Mchicha wa nazi haukihitaji. Kama mchicha na adesi zingepikwa bila kitunguu, na kikakaangwa pembeni kwa anayependa kujiongezea, wale wawili wangekuwa na vyakula vinne badala ya viwili, na kupotea kwa choroko kusingewaumiza hivyo.

*Kusema ukweli kuhusu maharage*

Nalipa jambo hili uzito mkubwa kuliko ladha na hesabu. Mtu anayekaa mezani kwako hana njia ya kujua kilichotiwa sufuriani. Ameweka imani yake ya dini, au ahadi aliyojiwekea mwenyewe, mikononi mwa mpishi. "Hawatajua" ni maneno ya kumwibia mtu kitu asichoweza kukitazama. Nimewafurahia sana mpishi na mwenyeji kwa kutopoteza hata dakika moja kubishana.

Walifanya vizuri pia kutoyamwaga. Kilo ya maharage na nazi tatu ni mali, na kikaratasi kilitosha. Hata kwa Wakatoliki hayakuwa na tatizo kisheria: hati ya Papa Paulo VI ya mwaka 1966 kuhusu toba, Paenitemini, inakataza nyama siku za kujinyima lakini inaruhusu mayai, vitokanavyo na maziwa, na viungo vilivyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Hakuna aliyelijua hilo jikoni, wala haikuwa kazi ya mpishi kutoa hukumu. Aliandika kilichomo, kila mtu akaamua: wanne wakala, watatu wakaacha.

Chanzo cha kosa kilikuwa kabati. Msaidizi hakuvunja katazo lolote, kwa sababu hakupewa. Aliambiwa "sufuria hii haina nyama", na kwa macho yake unga hauna nyama. Ingefaa pakiti zote za viungo zitolewe jikoni asubuhi na viruhusiwe tu vile alivyokuja navyo mpishi. Na zisomwe: baadhi ya pakiti zenye picha ya ng'ombe au kuku hazina chochote cha mnyama ndani, na nyingine zisizo na picha zinacho. Picha haitoshi kuamulia.

*Samaki*

Kwa saa iliyokuwa imefika, nakubaliana na mpishi. Lakini kama Kwaresima ingejulikana siku mbili kabla, samaki alistahili kuwepo badala ya mishkaki. Nguru au kolekole wa kupaka angeliwa na Wakatoliki, Waislamu, Walutheri na yule kijana mmoja, yaani watu kumi na tisa. Mishkaki ililiwa na kumi na mmoja.

Yaliyofuata

Mwenyeji alialika tena mwaka uliofuata, Jumamosi, watu karibu walewale na mpishi yuleyule. Safari hii ujumbe ulitumwa kwa wageni wote ukiwa na swali moja. Choroko ilipikwa kilo moja na nusu, na mboga zote isipokuwa pilau hazikutiwa kitunguu. Samaki alikuwepo, na yule mzee alipakua mara mbili. Mume na mke waliitwa mezani wa kwanza, pamoja na bibi wa mwenyeji, kwa hiyo haikuonekana kama ni jambo la pekee.

Kilichobaki kutatuliwa ni kukaanga. Mara hii mwenyeji alitaka sambusa za nyama pamoja na bhajia, na karai lilikuwa moja. Walikaanga bhajia kwanza, sambusa baadaye, ikafaa, ila bhajia zilifika mezani zimelegea na hapakuwa na mafuta safi ya kukaanga nyingine zilipokwisha. Mpishi amenunua karai la pili baada ya hapo, na mpini wake ameuzungushia kitambaa cha kijani ili wasaidizi wasilichanganye.